Mtungi Uliofungiwa Chumbani

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mshitakiwa wa kwanza alikuwa maji ya kunywa. Mama mkwe hakungoja ushahidi. Alisimama ukumbini, akalitazama tumbo langu lilivyotangulia kuingia mlangoni, akautazama mtungi pale pembeni na kata yake, akakata shauri: "Mtu anakunywa mchana, anakunywa usiku, sasa yaende wapi?" Jioni ile mtungi ukahamia chumbani kwake, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, pamoja na ufunguo wa sanduku la kikoba.

Ilikuwa Februari, mwezi ambao Tanga hata kivulini kuna joto. Nikawa naomba maji kwa wapangaji wa uani, mke mwenye ndoa halali na kadi ya kliniki, nikinywea nyuma ya mlango wa jiko.

Chanzo cha yote kilikuwa utepe wa nesi. Kliniki huwa wanaupima mfuko wa uzazi kutoka mfupa wa kinena hadi kileleni, na mimba ikishapita nusu yake sentimita hutakiwa zikaribiane na wiki. Zikipishana mbili tatu si neno. Mimi nilikuwa na wiki 32, utepe ukasema 39. Nesi akapima tena. Akaniuliza tarehe yangu ya mwisho ya kuona siku zangu kwa sauti ya mweka hazina anayekagua daftari la mwenzake. Kisha akaanza kuutafuta moyo wa mtoto, kulia, kushoto, juu ya kitovu, chini ya kitovu. Kila alipomkaribia, mtoto alimkwepa. Alikuwa na uwanja mkubwa wa kukimbilia.

"Uende ukapige altrasaundi," akasema. "Na usiiweke hadi mwisho wa mwezi."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, sijui kwa njia ipi. Nilipoingia tayari mimba ilikuwa ya mapacha. Wifi yangu alikuwa ameshanunua kofia mbili za sufu, katika joto lile. Mpangaji wa chumba cha mbele, dereva wa malori, akaeleza kwamba kwao waliwahi kuzaliwa watatu na tumbo la mama yao lilikuwa dogo kuliko hili. Kwenye kibanda cha mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli, vijana wakawekeana dau la soda: wawili au watatu. Hakuna aliyeweka dau la mmoja. Naye alikuwa mmoja.

Chumba cha altrasaundi ndicho kilichokuwa na feni nzuri kuliko zote nilizozijua mwaka ule, nami ningekubali kulala pale hadi nijifungue, isipokuwa kulala chali kulinibana pumzi mpaka nikaona nyota. Mpimaji akanigeuza ubavu kidogo, akaligawa tumbo mafungu manne, akawa anapima kina cha maji katika kila fungu na kujumlisha. Jumla ikiwa kati ya sentimita 5 na 25 hivi, mtu anaambiwa nenda salama. Yangu ilikuwa 31. Akanionyesha pia kiduara cheusi ndani ya tumbo la mtoto. Hayo ni maji aliyoyameza, akasema, na ni dalili nzuri, maana yake anameza na yanashuka.

Mama mkwe, aliyenisindikiza ili asikie kwa masikio yake, akauliza anameza maji gani.

Daktari akatueleza, na mimi huwa nashukuru kwamba alitueleza wote wawili kwa pamoja. Katika miezi ya mwisho, maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na mengine hutoka mapafuni mwake. Yeye huyameza, huyakojoa, huyameza tena, na kwa mzunguko huo kiasi chake hubaki sawa. Kwenye wiki ya 34 au ya 36 hukaribia lita moja, kisha hupungua taratibu kuelekea siku ya kuzaa. Yanazidi pale ambapo mtoto hamezi vizuri, pengine kwa sababu umio wake au utumbo umeziba, au pale anapokojoa kupita kiasi, kama inavyotokea mama akiwa na sukari nyingi kwenye damu. Mapacha nao huweza kuyaleta, na baadhi ya maambukizi, na damu ya mama isipopatana na ya mtoto. Maji ninayokunywa mimi hayaendi huko. Hata nikinywa pipa, nitaishia chooni tu.

Mama mkwe alinyamaza njia nzima kwenye bajaji. Tulipofika barazani ndipo akasema, polepole, "Kwa hiyo mjukuu wangu anakunywa mkojo wake?"

"Watoto wote, mama."

"Kwenye ukoo wenu labda."

Neno lile la mkojo lilimuuma kuliko sentimita 31. Kwa siku kadhaa alikuwa akimfuata kila mwanamke aliyezaa, akimwuliza kama naye aliambiwa upuuzi huo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa, akazidi kuamini kwamba daktari yule alikuwa kijana mno. Mtungi ukabaki ndani.

Tukapima sukari. Unakwenda hujala tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yaliyokorogwa na glukosi gramu 75, halafu unatolewa damu baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mpaka wake ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 saa moja baadaye, 8.5 saa mbili baadaye. Ukigusa hata mmoja kati ya hiyo, unahesabiwa kuwa na kisukari cha mimba. Mimi sikuugusa hata mmoja. Wakapima na magonjwa mengine, yote hakuna. Kundi la damu yangu halikuwa na ugomvi na mtu. Daktari akafunga faili, akasema kwamba mara nyingi, hasa yakizidi kidogo au kwa kiasi cha wastani, sababu haionekani kabisa. Mtoto anaonekana mzima. Tutakuwa tunamwangalia.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari njema. Kwa nyumba yetu ilikuwa msiba. Nyumba yenye vyumba sita, ukumbi katikati na choo kimoja uani haiwezi kulala na jambo lisilo na mkosaji. Maji ya kunywa yalipokanushwa na hospitali, watu wakatafuta mwingine. Wifi akasema ni chumvi. Dereva akasema ni kupanda baiskeli, kwa kuwa mume wangu alinibeba nyuma yake mpaka mwezi wa nne wa mimba, kama wanavyobebwa nusu ya wanawake wa Tanga. Jirani akasema ni jicho, akataja na mwenye jicho, ikabidi aombwe radhi. Mume wangu alikuwa na maelezo yake ya kiufundi: tumbo langu ni kama tyubu iliyojazwa kupita kipimo, kwa hiyo kinachotakiwa ni kulegeza valvu kidogo. Nilimwambia kwamba daktari ametaja jambo la namna hiyo, sindano ya kuyapunguza maji, lakini ni kwa yale mengi sana ambayo yanamnyima mama pumzi kabisa, nayo ina hatari ya kuleta uchungu mapema. Akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi aliyesikia kazi ya fundi mwingine.

Kazi yake yeye akaielekeza kitandani.

Nieleze kwanza usiku wenyewe. Chali siwezi. Kulia siwezi sana. Kushoto naweza, lakini tumbo linataka mto wake, mgongo mto wake, magoti mto wake, na nyumba nzima ilikuwa na mito minne, mmoja wa mama mkwe. Nikilala chini kabisa kiungulia kinapanda mpaka puani. Nikiinuka kinashuka, ila usingizi nao unaondoka. Miguu imevimba, ndala hazipiti. Kibofu kimegandamizwa, kwa hiyo safari ya uani haiishi, na kila safari inaanza kwa kunyanyuliwa. Nilijifunza kula kidogo kidogo, na chakula cha jioni kabla ya Magharibi. Hayo yalinisaidia. Mume wangu hayakumtosha.

Akaamua kuinua kichwa cha kitanda. Alileta matofali mawili mawili, akayapanga chini ya miguu ya mbele, akapima kwa jicho, akaridhika. Ukweli usemwe, usiku wa kwanza nililala kuliko nilivyolala tangu Januari. Usiku uliofuata nilijigeuza. Kwa mtu mwenye mwili wa kawaida kujigeuza si tukio, lakini maji yale hujigeuza baada yako, kwa wakati wake, na kwa uzito wake. Kitanda kikasogea nyuma. Tofali likateleza. Chaga tatu zikakatika kwa mpigo, godoro likazama, mimi nikazama nalo, na mume wangu aliyekuwa upande wa ukutani akamwagikia juu ya mito.

Mlio ule ulimtoa dereva chumbani na panga, akiamini tumevamiwa. Shemeji yangu mdogo alitokea na tochi ya simu. Mama mkwe aliingia wa mwisho, akatutazama, akamulikiwa matofali, akauliza swali moja tu: "Anacheza?" Nikashika tumbo. Alikuwa anacheza, tena kwa nguvu. "Basi laleni hapo hapo," akasema, akaondoka na mto wake.

Tukahamia sakafuni. Sasa tatizo likawa kuinuka. Shemeji, ambaye alikuwa anangoja matokeo ya mtihani na hakuwa na kazi, akafunga kamba kwenye boriti ili niwe najivuta mwenyewe. Wazo halikuwa baya. Boriti ndiyo iliyokuwa mbaya, ililiwa na mchwa tangu enzi za baba mkwe, na nilipovuta mara ya kwanza kilichonishukia ni vumbi, utando wa buibui na kipande cha dari. Kamba ikafunguliwa. Nikarudi kuinuliwa na watu wawili, mmoja kila kwapa, wakihesabu moja, mbili, tatu.

Katika vurugu hilo lote, jambo lenye hatari hasa lilikuwa halijaguswa na mtu. Nesi mkunga ndiye aliyeligusa, kliniki, na alimwambia moja kwa moja mama mkwe, kwa kuwa alishajua ni nani anayeamua nyumbani.

"Mama, siku chupa yake ikipasuka, huyu asitembee. Asiende kuoga. Asisimame kutafuta kanga nzuri."

Akaeleza kwa mikono. Mtoto anayeelea kwenye maji mengi hakai na kichwa chini kwa utulivu. Leo kichwa kiko chini, kesho yuko kando. Chupa ikipasuka ghafla maji hutoka kwa kishindo, na kamba ya kitovu yaweza kutangulia kabla ya kichwa. Kichwa kikiibana, damu ya mtoto inakatika, na hapo muda unahesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo alale ubavu wa kushoto, nyonga ziinuliwe, aletwe hivyo hivyo. Kamba ikionekana nje, apige magoti, kifua chini na makalio juu, na mtu yeyote asiichezee kamba ile. Kuna na hatari nyingine: mfuko uliotanuka ukinywea kwa ghafla, kondo la nyuma laweza kubanduka kabla ya wakati wake. Na baada ya kuzaa, mfuko uliotanuka namna hii huchelewa kusinyaa, na hapo ndipo mama anapotoka damu nyingi. Kwa sababu hizo huyu hazai nyumbani, wala hazai mbali na chumba cha upasuaji.

Hilo la mwisho likaleta vita vya wakwe. Mama yangu yuko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na hii ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama mzazi. Alishapaka chokaa chumba. Alishaongea na mwenye kuku. Mama mkwe akampigia simu, nami nikajiandaa kusikia yale ya maji ya kunywa, lakini alisema, "Dada yangu, kutoka kwako mpaka kwenye kisu kuna mto wa kuvuka. Njoo wewe." Mama akaja na kuku wake. Toka siku ile, hata kama mtungi haukutoka, nilianza kumwangalia mama mkwe kwa jicho jingine.

Wiki ya 38, siku ya kikoba.

Wanawake wamekaa mkekani ukumbini, sanduku la kufuli tatu limefunguliwa katikati, daftari wazi, fedha zinahesabiwa. Mimi nilitoka chumbani kwenda uani nikishika ukuta. Nilipofika usawa wa mweka hazina nikasikia kitu kimeachia ndani, bila maumivu yoyote, halafu ukumbi ukawa mto. Sitii chumvi. Daftari liliogelea. Noti za elfu kumi zilikwenda mpaka mlango wa dereva. Mwanamke mmoja aliruka na kupiga kelele kwamba bomba limepasuka.

Mama mkwe peke yake hakuruka. "Chini!" akaniamuru. "Kushoto! Nyie ziacheni fedha, leteni godoro!" Mama yangu akachungulia, akasema haoni kamba. Mama mkwe akasema hata kama haionekani, nipige magoti tu, tahadhari haina hasara. Nikawa kwenye magoti na viwiko, mbele ya wanachama wa kikoba, wengine wakiwa wateja wangu wa maandazi.

Shemeji akaja na bajaji. Mama mkwe akaitazama akamwuliza, "Huyu utamkunja?" Hapo ikaonekana kwamba tulipanga kila kitu, begi, beseni, glovu, mpira wa kulalia, vitenge, tukasahau kwamba mtu asiyetakiwa kukaa hapandi bajaji. Dereva wa malori ndiye aliyetuokoa. Alikimbia hadi sokoni akarudi na kirikuu cha kubebea mchele. Godoro likapandishwa nyuma, mimi juu yake.

Nilikuwa bado nahitaji kuinuliwa nyonga, na mito ilikuwa imelowa. Wakati huohuo wanakikoba walikuwa na mgogoro wao: mama mkwe ana ufunguo mmoja kati ya mitatu, anaondoka nao, na katiba yao hairuhusu sanduku kubaki bila kufungwa mbele ya wenye funguo wote. Mweka hazina akalimaliza. Fedha zikarudishwa ndani zikiwa mbichi, kufuli tatu zikafungwa, sanduku likapandishwa kwenye kirikuu likiwa limezungushiwa kanga, likaingizwa chini ya godoro upande wa nyonga zangu. Wenye funguo watatu wakapanda nalo. Hivyo ndivyo nilivyopita barabara za namba za Ngamiani mchana kweupe, nimelala kushoto juu ya akiba ya wanawake ishirini na kitu, wakinizungushia kanga kwa pazia, na mume wangu akitufuata kwa baiskeli akipiga kengele ili magari yatupishe.

Hospitalini mambo yalikwenda haraka. Wakanipima: kamba haikutangulia, kichwa kimeshuka, moyo wa mtoto uko sawa. Uchungu ukaja jioni, nami sina la kueleza juu yake ambalo wanawake hawalijui na wanaume wangeliamini. Mtoto alipotoka tu nikachomwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, dripu ikafuata, na nesi akaanza kunisugua tumbo kwa nguvu mpaka nikamlaani kimoyomoyo. Damu ilitoka kuliko inavyotakiwa, ikasimama. Baadaye nilielewa kwamba ule mkono ndio uliokuwa unaisimamisha.

Kabla mtoto hajanyonya, wakampitisha kimrija chembamba mdomoni hadi tumboni. Mama mkwe, aliyekuwa ameruhusiwa kuingia kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia, akadai aambiwe wanamchokoa nini. Akaambiwa: maji ya mama yakizidi, lazima wahakikishe njia ya chakula imefunguka, wasije wakampa maziwa yakaingia mapafuni. Mrija ukapita. Binti, kilo 3.2, umio mzima, sauti ya bibi yake.

Mama mkwe mpaka leo hajabadili msimamo. Anasema yalikuwa maji ya kunywa, na kwamba yalipungua kwa sababu alifungia mtungi. Wageni wa arobaini wote walielezwa hivyo, nami nilikaa kimya nikala mtori wake. Kikoba kilinitoza faini ya daftari, nikalipa. Lakini katika mkutano uliofuata walikubaliana kwamba mfuko wa jamii utalipia gari la mwanachama au mkwe wa mwanachama anayekwenda kujifungua, na wakaandika kwenye katiba, kwa sentensi aliyoidai mama mkwe mwenyewe, kwamba liwe gari la kulala, si la kukaa. Namba ya simu ya mwenye kirikuu imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa ukumbi wetu. Wewe uliye na mjamzito nyumbani, tumbo limeipita miezi yake, mpeleke akapimwe wiki hii, kisha utafute namba ya gari la namna hiyo nawe uiandike.